Nani Atakusindikiza? Safari Ndefu ya Tamthilia ya Kila Mtu



Kwetu mgeni haagwi mlangoni akaachwa aende zake. Anasindikizwa. Mwenyeji hutoka naye, huvuka naye uani, pengine hufika naye hadi barabarani panapopita magari, na mara nyingi ni njiani humo yanaposemwa yale ambayo hayakusemwa ndani. Lakini kila kusindikiza kuna mahali pake pa kugeukia. Hata msibani tunasema kwamba tunamsindikiza marehemu katika safari yake ya mwisho, na ni kweli tunakwenda naye, kwa nyimbo na kwa rozari, mpaka ukingoni mwa kaburi. Hapo tunatupa udongo, tunaweka mashada, tunageuka.

Nimekuwa nikilifikiria neno hilo tangu muhula uliopita kwa sababu ya tamthilia moja ya Kiholanzi yenye umri wa zaidi ya miaka mia tano. Kwa Kiholanzi cha kale inaitwa Elckerlijc, yaani Kila Mtu. Waingereza wanaijua kwa jina la Everyman, na watu wa Ujerumani na Austria kwa jina la Jedermann. Kundi letu la maigizo hapa seminarini linaiandaa kwa Kiswahili, nami ni mmoja wa waliopewa kazi ya kuitafsiri. Katika kuitafuta historia yake nimegundua kwamba imesafiri kuliko wengi wetu tutakavyosafiri, na kwamba kila nchi iliyoipokea iliibadilisha mahali fulani. Kwa kawaida palibadilishwa pale palipokuwa panauma.

Kisa chenyewe

Kisa ni chepesi kusimulia. Mungu anaona kwamba wanadamu wamemsahau kwa ajili ya mali. Anamwita Kifo na kumtuma kwa Kila Mtu: ajiandae kwa safari isiyo na kurudi, na aje na kitabu chake cha hesabu. Kila Mtu hayuko tayari. Jambo la kwanza analojaribu ni lile ambalo watu wengi hulijaribu wakikamatwa barabarani. Anatoa rushwa, pauni elfu moja, ili shauri lisogezwe hadi siku nyingine. Kifo hapokei. Anamruhusu kitu kimoja tu: kama yupo mtu wa kumsindikiza, na amtafute.

Hapo ndipo watazamaji wanapoanza kucheka. Rafiki anaapa, kabla hajaambiwa ni safari gani, kwamba atakwenda naye hata jehanamu. Akishaambiwa, anakumbuka kwamba yeye ni mtu wa karamu na vinywaji. Hata kama ingekuwa kumuua mtu angesaidia, lakini safari hiyo, hapana. Ndugu wa ukoo wanafuata. Katika tafsiri ya Kiingereza mmoja anamtoa mtumishi wake wa kike aende badala yake, na binamu anasema amebanwa na misuli kwenye kidole cha mguu. Mali, iliyofungiwa masandukuni, inamcheka waziwazi na kumwambia kwamba ikienda naye itaiharibu hesabu yake zaidi. Watu hucheka kwa sababu hao wote wanawajua. Wengine wamekaa nao kiti kimoja.

Kisha kicheko kinakatika. Kila Mtu anamwita mwenzi wa mwisho, ambaye kwa Kiingereza anaitwa Matendo Mema, naye ni mgonjwa. Katika maandishi ya Kiholanzi amelala kitandani, viungo vimelemaa. Katika yale ya Kiingereza amelala chini kwenye baridi, amefungwa na dhambi za Kila Mtu asiweze kusimama. Huyu peke yake anataka kwenda, na huyu peke yake hana miguu. Dada yake, Maarifa, anamwongoza Kila Mtu hadi kwa Kitubio. Anapotubu, mgonjwa anasimama. Wanakuja Uzuri, Nguvu, Busara na Milango Mitano ya Fahamu, wote wakiahidi kutomwacha, na kaburini wote wanamwacha mmoja baada ya mwingine, Uzuri akitangulia. Maarifa anabaki naye mpaka ukingoni. Anayeshuka pamoja naye ni mmoja tu.

Ilikotoka

Tamthilia hii ilichapwa katika mji wa Delft mnamo mwaka 1495. Lugha yake ni Kiholanzi cha Brabant, eneo ambalo leo limegawanyika kati ya Ubelgiji na Uholanzi. Jina la mtunzi, Petrus wa Diest, tunalipata kwa mtu aliyeitafsiri kwa Kilatini, ambaye anasema pia kwamba ilipata tuzo katika mashindano ya Brabant. Mashindano ya namna hiyo yaliendeshwa na vyama vya watunzi na waigizaji vilivyokuwa karibu katika kila mji. Wanachama wake walikuwa mafundi, wafanyabiashara na makarani. Kwa hiyo tamthilia hii haikuzaliwa katika nyumba ya watawa. Ilizaliwa katika miji ya biashara, kati ya watu waliofungua kitabu cha hesabu kila jioni na kujua aibu ya kuulizwa fedha zimekwenda wapi.

Hata hivyo, kisa cha marafiki wanaokimbia ni cha kale kuliko Brabant. Kimo katika hadithi ya Barlaam na Yosafati, iliyosomwa sana katika Ulaya ya Zama za Kati. Humo mtu ana marafiki watatu. Anapoitwa na mfalme kutoa hesabu, wawili aliowapenda sana hawamfai, na yule aliyemdharau ndiye anayekwenda kumtetea. Wataalamu wameonyesha kwamba hadithi hiyo chimbuko lake ni maisha ya Budha, na kwamba kutoka Mashariki ilipitia Kiarabu, Kijojia na Kigiriki kabla ya kufika katika Kilatini. Nasi tunaoishi jirani na Waislamu tunayo njia ya karibu zaidi ya kuitambua. Wanayo hadithi ya Mtume wao isemayo kwamba vitu vitatu humfuata maiti, yaani jamaa zake, mali yake na matendo yake. Viwili hurudi na kimoja hubaki. Mtu wa pwani akiitazama tamthilia hii hatahitaji maelezo marefu.

Komedi ya mtu anayekufa

Mwaka 1536 mwalimu wa Maastricht aliyejulikana kwa jina la Ischyrius alichapisha tafsiri yake ya Kilatini mjini Köln, kwa jina la Homulus, yaani Mtu Mdogo. Kilatini kilikuwa pasi ya kusafiria. Miaka michache baadaye mchapaji wa Köln, Jaspar von Gennep, alitoa Homulus ya Kijerumani. Katika miaka hiyohiyo Georgius Macropedius, mtawa na mwalimu wa shule ya Kilatini ya Utrecht, alikichukua kisa hicho akaandika Hecastus, tamthilia iliyochezwa na wanafunzi wake na kuchapwa mwaka 1539.

Tukumbuke ilikuwa miaka gani. Luther alikuwa bado hai. Mtaguso wa Trento ulikuwa haujaanza. Swali la nani anashuka kaburini na mwanadamu, matendo au imani, lilikuwa linagawanya miji na familia. Macropedius, Mkatoliki, alisisitiza sana toba na imani ya mtu aliye kitandani akikata roho, kiasi kwamba baadhi ya watu walimshuku kuwa anaegemea upande wa pili. Mwaka 1552 alitoa chapa mpya aliyoirekebisha ili kuondoa shaka.

Upande wa pili nao haukukaa kimya. Mwaka 1540 Thomas Naogeorg, mchungaji Mprotestanti, aliandika Mercator, yaani Mfanyabiashara. Humo mgonjwa amejaa tumboni matendo yake yote mema, hija zake na rehema alizonunua, na hapati nafuu mpaka anywe dawa na kuyatapika. Ni kichekesho kikali, na sisi Wakatoliki ndio tunaochekwa. Nilipokisoma mara ya kwanza nilikasirika. Nilipokisoma mara ya pili nilijiuliza kama hakuna matendo mema ambayo yamekuwa kwangu mzigo tumboni kwa sababu niliyafanya nionekane.

Mwaka 1549 Hans Sachs, fundi viatu na mshairi wa Nürnberg, Mlutheri, akaitia Hecastus ya yule mtawa Mkatoliki katika Kijerumani. Aliiita comedi ya tajiri anayekufa. Neno hilo lilinisimamisha. Komedi ya mtu anayekata roho? Lakini kwa watu wa wakati ule komedi haikuhesabiwa kwa vicheko tu. Dante aliita kazi yake kuu komedi kwa sababu inaanzia gizani na kuishia katika nuru. Kwa maana hiyo, kila mazishi ya mwamini aliyepatanishwa na Mungu ni mwisho wa komedi, hata kama sisi tulio juu ya kaburi tunalia.

Hivyo katika muda usiozidi miaka kumi na mitano, mtu yuleyule anayekufa alikuwa Mkatoliki, akashukiwa, akawa Mprotestanti, na fundi viatu wa Kilutheri akaiona kazi ya mtawa inafaa kuchezwa mbele ya watu wake. Trento ilitoa hati yake juu ya kuhesabiwa haki tarehe 13 Januari 1547. Tamko la Pamoja la Wakatoliki na Walutheri juu ya fundisho hilo lilitiwa saini mjini Augsburg tarehe 31 Oktoba 1999. Linasema kwa pamoja kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema tupu, kwa njia ya imani katika Kristo, na kwamba matendo mema hufuata kama matunda. Kati ya tarehe hizo mbili ni zaidi ya miaka mia nne na hamsini. Nikisoma tamko hilo namwona tena yule mgonjwa wa Brabant. Anataka kwenda lakini hawezi kusimama mpaka rehema ya Mungu imguse. Akishasimama, anakwenda kweli kwa miguu yake.

London: monasteri isiyo na watawa

Kwa Kiingereza Everyman ilichapwa angalau mara nne katika miongo ya kwanza ya karne ya 16. Kisha ikaja mitikisiko ya dini, na tamthilia yenye Kitubio na Mpako wa Wagonjwa haikuwa tena na nafasi jukwaani. Ilinyamaza kwa karne kadhaa.

Ilifufuliwa Julai 1901 mjini London na mwongozaji William Poel, katika ua wa Charterhouse. Mahali hapo palikuwa monasteri ya Wakartusi. Priori wao, Mtakatifu Yohane Houghton, aliuawa tarehe 4 Mei 1535 kwa kukataa kumkiri Mfalme Henry VIII kuwa mkuu wa Kanisa la Uingereza, na mkono wake ulitundikwa kwenye lango la monasteri yake. Papa Paulo VI alimtangaza mtakatifu mwaka 1970 pamoja na wafiadini wenzake wa Uingereza na Wales. Baada ya watawa kufukuzwa, majengo yalipita katika mikono ya matajiri, na mwaka 1611 yakawa makao ya wazee maskini pamoja na shule. Kufikia 1901 shule ilikuwa imehama, lakini wazee walikuwa bado wanaishi humo. Sijui mahali palipofaa zaidi kwa mchezo huu: lango lililotundikwa mkono wa shahidi, na ndani yake nyumba ya wazee wanaomalizia siku zao.

Na aliyeufufua hakuwa mtu wa sala. Poel alisema baadaye kwamba hakuutoa kama mchezo wa dini, na kwamba teolojia yake haiwezi kutetewa; alivutwa na uzuri wake. Maneno hayo yananipendeza kwa sababu ya ukweli wake. Mungu hutumia watu wengi kutunza mali ya Kanisa, na si wote wanaojua wanatunza nini.

Mchezo ulipendwa. Ben Greet aliuchukua na kuzunguka nao Uingereza, na mwaka 1902 ukafika New York, ambako mwanamke, Edith Wynne Matthison, alicheza nafasi ya Kila Mtu. Waholanzi wenyewe walikuwa wamekwisha kuusahau. Mwaka 1907 mwigizaji Willem Royaards aliurudisha katika jukwaa la Uholanzi, baada ya wageni kuwaonyesha kilichokuwa chao. Jambo hili linatokea pia katika familia zetu: mjukuu anafundishwa na mgeni wimbo wa bibi yake.

Salzburg: kengele na tiketi

Mtu mmoja aliyesikia habari za Everyman ni mshairi Mwaustria Hugo von Hofmannsthal. Aliuandika upya kwa Kijerumani, na tarehe 1 Desemba 1911 Max Reinhardt aliuonyesha Berlin katika jengo la sarakasi, Alexander Moissi akiwa Jedermann. Hofmannsthal alimfanya Kila Mtu kuwa tajiri kabisa. Akamwongezea jirani maskini anayeomba msaada, mdaiwa anayepelekwa kifungoni, mama mzee anayemsihi mwanawe atubu, na mpenzi anayekaa naye karamuni. Mali akawa Mammon anayeruka kutoka ndani ya sanduku lake.

Tarehe 22 Agosti 1920, Austria ikiwa imeshindwa vitani na ina njaa, Reinhardt aliuonyesha mchezo huo Salzburg mbele ya kanisa kuu. Askofu mkuu Ignatius Rieder aliruhusu uwanja utumike. Sauti ziliita jina la Jedermann kutoka minarani na kutoka ngomeni juu ya mlima, jua likishuka, kengele za kweli zikilia. Huo ulikuwa mwanzo wa tamasha la Salzburg. Baada ya Wanazi kuitwaa Austria mwaka 1938, mchezo ulifutwa. Reinhardt alikuwa Myahudi. Alifia New York mwaka 1943 bila kuuona tena uwanja ule. Mwaka 1946 mchezo ulirudi, na tangu hapo umekuwa ukichezwa kila kiangazi.

Lakini pana jambo la kuuma hapa. Watu wenye uwezo husafiri kutoka mbali, huvaa vizuri, hununua tiketi, hutazama tajiri akifa na kutubu, kisha huenda kula chakula cha jioni. Karl Kraus, mwandishi wa Vienna aliyebatizwa katika Kanisa Katoliki mwaka 1911, aliliacha mwaka 1923. Miongoni mwa sababu alizozitangaza ni kuona Kanisa likitoa nyumba ya ibada kwa maonyesho ya tamasha hilo, kwa ajili ya tamthilia nyingine ya Hofmannsthal. Simtetei kwa kuondoka kwake. Ila swali lake halikuondoka naye. Mchezo unaosema kwamba mali haisindikizi mtu umekuwa wenyewe chanzo cha mali. Yeyote anayehubiri umaskini wa Injili anapaswa kulala na swali hilo angalau usiku mmoja.

Safari haikuishia Ulaya. Katika miaka ya 1960 kundi la Duro Ladipo wa Oshogbo, Nigeria, liliucheza mchezo wa Hofmannsthal kwa Kiyoruba, kwa jina la Eda. Mwaka 2015 ulichezwa katika National Theatre ya London kwa maneno mapya ya mshairi Carol Ann Duffy, Chiwetel Ejiofor, mwana wa wazazi wa Kinigeria, akiwa Kila Mtu. Katika onyesho hilo Mungu alionekana kama mwanamke mfagizi mwenye ndoo yake. Mtu anaweza kukwazika. Mimi nilikumbuka Alhamisi Kuu na beseni la kuoshea miguu.

Ukurasa unaokatwa

Sasa nirudi kwenye kazi yetu. Katika maandishi ya zamani, ya Kiholanzi na ya Kiingereza, kuna ukurasa ambao watu wengi waliouandika upya mchezo huu hawakuubakiza. Kila Mtu ametoka kwenda kupokea Ekaristi na Mpako. Jukwaani wamebaki Maarifa na Milango Mitano ya Fahamu, nao wanazungumza juu ya mapadre. Milango Mitano ya Fahamu anawasifu: Mungu amewapa uwezo ambao hakuwapa malaika, wanashika mikononi Mwili wa Bwana, wanafungua na kufunga. Maarifa anakubali, kisha anaongeza neno. Wapo wanaouza sakramenti. Wapo wanaoishi na wanawake na kuzaa nao watoto. Hao wanaumiza kundi, nao wametiwa upofu na dhambi.

Ukurasa huo uliandikwa miaka ipatayo ishirini kabla ya Luther kujulikana. Aliyeuandika alikuwa mwana wa Kanisa akizungumza na wana wa Kanisa. Naogeorg aliyadhihaki mafundisho yetu, na kwa hiyo hakuhitaji kutuhuzunikia. Hofmannsthal aliweka mtawa mmoja wa kumwongoza Jedermann, bila mazungumzo hayo. Mtunzi wa Brabant peke yake alishika mambo mawili kwa mikono miwili: ukuu wa daraja takatifu, na aibu ya anayelivaa vibaya.

Tulipofika hapo katika mazoezi, ubishi ulianza. Siku ya onyesho watakuwepo wazazi wetu na waamini wa parokia jirani. Frateri mmoja alisema tukiyasema hayo mbele yao tutawakwaza, na kwamba adui za Kanisa wanatosha bila sisi kuwasaidia. Mwingine akajibu kwamba waamini wanajua yote hayo kabla yetu, na tukiuruka ukurasa huo watajua pia kwamba tumeuruka. Mlezi wetu alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja: maneno hayo mtunzi anamwambia nani, maana padre hayupo jukwaani? Kisha akatuachia tuamue.

Swali lilituchukua siku mbili. Jibu tulilolipata ni hili: wakati wa mazungumzo hayo, anayeyasikia ni yule anayeketi mbele ya jukwaa. Na siku hiyo viti vya mbele tutakalia sisi wenyewe, pamoja na walezi wetu na baadhi ya mapadre. Tumeamua ukurasa ubaki, sifa na onyo kwa pamoja, bila kupunguza upande wowote.

Nafasi ya Maarifa imenipata mimi. Kwa hiyo mbele ya mama yangu, anayeniombea kila siku nifike altareni, nitasema kwa sauti kile ambacho padre hapaswi kuwa. Sioni ubaya. Afadhali aniombee nikiwa najulikana udhaifu wangu kuliko nikiwa sanamu. Tena nafasi hiyo ina somo jingine kwa mwanafunzi wa falsafa. Kwa Kiholanzi mhusika huyu anaitwa Kennisse, na wachambuzi wengi wanaona kwamba neno hilo hapa lina maana ya kujitambua, mtu kuzijua dhambi zake na kuzikiri. Ndiye anayemshika Kila Mtu mkono hadi kwa Kitubio. Anabaki hata Uzuri na Nguvu wakishakimbia. Lakini kaburini hashuki. Anafika ukingoni, anatazama, anabaki juu. Vitabu vyangu, alama zangu na hoja zangu nzuri vyote vitafika hapo na kugeuka.

Jina lililotusumbua zaidi kulitafsiri ni la yule anayeshuka. Kiholanzi kinamwita Duecht, yaani fadhila. Kilatini kikamwita Virtus. Mwingereza alipomwita Matendo Mema, alihamisha mkazo kutoka kwa mtu hadi kwa mambo aliyoyafanya. Aristotle anatufundisha kwamba fadhila ni hali inayokaa ndani ya mtu kwa kurudia matendo mema, na Mtakatifu Thoma wa Akwino anaongeza kwamba zipo fadhila ambazo Mungu mwenyewe anazimimina ndani yetu. Tungechagua nini? Mwisho tulitambua kwamba Kiswahili kilikuwa kimetusubiri. Tumemwita Wema. Wema hutendwa, na wema pia ni namna mtu alivyo. Tena methali yetu inasema tenda wema uende zako, usingoje shukrani. Tamthilia inaikamilisha methali hiyo kwa namna iliyonigusa: wewe wenda zako, lakini wema wako hauendi zake. Unakuja nyuma yako polepole, hata ukiwa mgonjwa na umesahauliwa. Kitabu cha Ufunuo, sura ya 14, kinawaambia hivyohivyo wanaokufa katika Bwana, kwamba matendo yao yafuatana nao.

Nakualika basi, msomaji, kabla ya kuja kututazama, ufanye alichofanya Kila Mtu, ila mapema kuliko yeye. Wapitie wasindikizaji wako mmoja mmoja: marafiki, ukoo, akiba, cheo, afya, elimu. Uwapende na kumshukuru Mungu kwa ajili yao, ukijua kila mmoja anageukia wapi. Halafu nenda ukamtazame yule mgonjwa aliyelala, Wema wako, umuulize ana hali gani. Kama hawezi kusimama, njia ya kwenda kwa Kitubio ni ileile ya miaka mia tano iliyopita, na Jumamosi jioni padre yupo.

Utuombee sisi waseminari, ili siku moja tukiketi upande wa pili wa kiti hicho cha maungamo, tuwe wa ukurasa ule wa sifa. Nasi tunakuombea.